Heri Kurudishwa Mara Tatu



Jumamosi iliyopita nilikuwa sokoni Karatina nikitafuta mbegu za viazi. Kijana mmoja mkulima, ambaye husoma ukurasa huu, alinivuta kando akasema kwa sauti ya chini: "Bwana Karani, mke wangu amebakiza majuma matatu kujifungua. Usiku tumbo humkaza sana, asubuhi hakuna kitu. Je, nimpeleke hospitali lini, tusije tukachekwa?"

Nilimjibu palepale, lakini njiani nikirudi Nyeri niliona kwamba swali lile si lake peke yake. Lilikuwa langu pia miaka michache iliyopita, na kidogo tu lingenipotezea mke.

Siku hizi hakuna haja kubwa ya kuwahubiria watu wa nchi yetu kwamba mzazi ajifungulie mikononi mwa wenye ujuzi. Katika uchunguzi wa serikali wa mwaka 2014, uzazi 62 katika kila 100 ulihudumiwa na mkunga au daktari aliyefunzwa. Katika ule wa mwaka 2022 hesabu ilifika 89. Basi watu wamekubali kwenda. Shida iliyobaki ni kujua saa ya kwenda, na kuwa na moyo wa kwenda hata kama hatuna hakika.

Mimi ni karani, na karani hupenda tarehe. Mke wangu alipopata mimba ya kwanza, nilifanya hesabu ile iliyoenezwa na daktari Mjerumani, Franz Naegele: shika siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku saba, kisha rudi nyuma miezi mitatu. Hedhi ilikuwa tarehe 20 Julai. Kwa hiyo mtoto angekuja tarehe 27 Aprili. Niliiandika kwenye kalenda kwa wino mwekundu, nikaomba likizo, nikatulia kama mtu aliyekwisha kupiga muhuri. Sikujua kwamba watoto wanaozaliwa siku ileile iliyohesabiwa ni wachache sana, kama mmoja katika ishirini. Mtoto aliyetimia aweza kuja wakati wowote tangu juma la 37 hadi la 42.

Mwanzoni mwa Aprili, usiku wa mvua, mke wangu aliniamsha akishika tumbo. Nyumbani kwetu ni upande wa Othaya, kwenye majani chai, na nyote mwaijua barabara ya udongo mwekundu wakati wa masika. Nilikodi motokaa kwa bei ya usiku. Tulipofika kituoni, maumivu yalikuwa yamekwisha. Muuguzi alimpima, akasema saa haijafika, akacheka kidogo. Siku nne baadaye nguo yake ililowa, tukadhani chupa ya maji imepasuka. Tukaenda tena, kumbe ulikuwa mkojo tu, kwa maana mtoto aliyeshuka hukandamiza kibofu. Tukarudishwa mara ya pili. Safari hii majirani walikwisha kupata la kusema. Walituita "wale wa kwenda na kurudi".

Asubuhi moja ya juma lililofuata, mke wangu aliamka na kichwa kinamgonga, na maumivu juu ya tumbo, chini ya mbavu za kulia. Hakukuwa na uchungu wa uzazi, wala damu, wala maji. Nilimuuliza kama twende. Akasema, "Ni kiungulia. Sitaki kuchekwa tena." Nami, nakiri mbele yenu, nilifurahi kuokoa nauli. Nikavaa koti nikaenda ofisini.

Aliyemwokoa ni mama yangu mzazi. Alikuja saa nne kumletea uji, akamtazama usoni. "Mwanangu, mbona uso umejaa hivi? Na mbona wapepesa macho?" Mke wangu akamwambia anaona vimetameta kama cheche mbele ya macho. Pete ya ndoa ilikuwa imekwama kidoleni. Mama hakuuliza la pili. Alisimamisha pikapu ya jirani iliyokuwa ikielekea kituo cha kununulia majani chai, akampandisha, ndipo akanipigia simu.

Hospitalini msukumo wa damu, ambao wengi huuita presha, ulikuwa 170 juu ya 110, na mkojo ulikuwa na protini. Ugonjwa huu huwapata wanawake baada ya juma la 20 la mimba, na mara nyingi huanza kimya. Ukiachwa, huweza kuleta kifafa cha mimba, ambacho humwangusha mama kwa degedege na kumwua yeye na mtoto. Walimchoma sindano za dawa iitwayo magnesiamu salfeti. Dawa hiyo ilijaribiwa kwa wanawake wapatao 10,000 katika nchi 33, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba hupunguza hatari ya kifafa hicho kwa zaidi ya nusu. Lakini ugonjwa wenyewe hauanzi kupona mpaka mtoto azaliwe. Kwa hiyo wakamwanzishia uchungu, na usiku ule binti yetu akazaliwa. Hata hivyo mama yake hakuachwa aende mara moja, kwa kuwa kifafa hicho chaweza kuja hata baada ya kujifungua.

Daktari aliponiuliza kwa nini tulichelewa, nilimweleza habari ya kurudishwa mara mbili. Alinitazama kitambo, akasema: "Bwana, kazi yenu ni kuja. Kazi yetu ni kuwaambia kama mrudi. Mkianza kufanya kazi yetu nyumbani, sisi tutafanya nini?"

Mwaka 1994 wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kwamba kuchelewa kunakowaua wazazi ni kwa namna tatu: kuchelewa kukata shauri la kwenda, kuchelewa njiani, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Barabara ni kazi ya serikali, na huduma ni kazi ya hospitali. Lakini lile la kwanza liko jikoni mwetu. Kwetu sisi jina lake lilikuwa aibu.

Sasa nimjibu kijana wa Karatina kwa utaratibu. Mikazo ya tumbo isiyo na mpango, inayokuja na kupotea, inayopoa mama akipumzika, akigeuka au akinywa maji, kwa kawaida ni matayarisho ya mwili tu. Uchungu wa kweli hushika mpango: mara nyingi huanzia mgongoni ukazunguka mbele, huzidi nguvu, hukaribiana, wala haukomi kwa kupumzika. Chukua saa uandike kila mkazo unapoanza. Ute mzito wenye madoa machache ya damu waonyesha kwamba siku zimekaribia. Lakini mikazo yenye mpango ikija kabla ya juma la 37, usingoje kuipima, nenda.

Yako mambo mengine yasiyohitaji saa wala mashauri ya majirani. Maji yakitoka, aende, hata kama uchungu haujaanza. Na yakiwa ya kijani au ya kahawia, aende upesi zaidi, maana huenda mtoto amejisaidia tumboni. Damu nyekundu inayotiririka si ute, aende. Kichwa kinachogonga bila kupoa, macho kuona cheche au ukungu, maumivu chini ya mbavu, uso na mikono kuvimba ghafula, homa, au degedege: aende saa ileile. Na mtoto akipunguza kucheza kuliko desturi yake, aende siku hiyohiyo. Wengi husema mtoto hutulia akikaribia kuzaliwa. Si kweli, hubadili namna ya kujigeuza kwa kuwa nafasi ni ndogo, lakini haachi kucheza.

Yafaa pia baba atengeneze mambo mapema. Weka fedha za safari kando, zisiguswe hata kwa mbolea. Andika nambari za simu za watu wawili wenye motokaa, kwa maana mmoja aweza kuwa Nanyuki siku hiyo. Jueni ni hospitali ipi yenye daktari wa kupasua usiku. Kijitabu cha kliniki kikae mahali panapojulikana na kila mtu wa nyumbani. Na wale mnaoishi Kieni, ambako vituo viko mbalimbali, msingoje mpaka mikazo ikaribiane sana.

Kwa wauguzi wetu nina ombi moja, kwa heshima. Mama akija kabla ya saa, mpimeni, kisha mwambieni, "Umefanya vyema kuja, ukiona lolote, rudi." Maneno hayo hayana gharama. Kicheko kidogo tulichokipata sisi kilikuwa karibu kugharimu roho mbili.

Wazee walisema, mficha uchi hazai. Nilipokuwa shuleni nilidhani methali hiyo ni ya kuchekesha tu. Siku binti yetu alipoletwa nyumbani, wanawake wa ukoo walipiga vigelegele vitatu, kama ilivyo desturi ya Wakikuyu kwa mtoto wa kike, na waliotuita "wale wa kwenda na kurudi" walikuwa miongoni mwao, wakishangilia kwa sauti kuu. Basi, kijana wangu wa Karatina, mpeleke. Akirudishwa, mshukuru Mungu, mpikie chai, na usiku ukimshtua tena, mpeleke tena.