Kizibao cha Kampuni na Daftari la Bohari

Ndugu askari msomaji, ukipata nafasi siku ya mapumziko, simama pale Barabara ya Kisaasi inapoanzia Bukoto, chini ya kilima cha Naguru yalipo makao makuu ya Polisi, uitazame migongo ya wapita njia. Sisi tulifanya hivyo asubuhi moja tulipokuwa tukimngoja mwenzetu aliyechelewa. Haikutimia nusu saa tukawa tumekwisha kuona mwavuli wa manjano wa wakala wa fedha za simu, aproni nyekundu ya mama muuza chapati, fulana za benki, kofia za kiwanda cha saruji, na waendesha bodaboda wasiohesabika, kila mmoja na kizibao chake cha kung'aa chenye jina la kampuni. Wachache mno walikuwa wamevaa nguo isiyokuwa na jina la mtu mwingine.

Makampuni hayatoi vitu hivyo kwa ukarimu mtupu. Fulana huenda sokoni, kisimani na msibani, na kila inapopita humtangaza mwenyewe bila kudai mshahara. Hesabu hiyo ni ya akili, wala hatuwalaumu. Tunalolipinga ni dhana kwamba kugawa kwa wingi ndiko kujenga sifa.

Mwaka mmoja kampuni fulani, ambayo hatutaitaja, iligawa fulana katika michezo ya kikosi chetu. Zilipofuliwa mara tatu tu, shingo zikalegea na rangi ikaingia katika mashuka. Wake zetu, ambao hawana subira na vitu vya namna hiyo, wakazifanya matambara. Kwa muda wa msimu mzima tulilikanyaga jina la kampuni ile kila tulipoingia ndani, na hadi leo tukiliona juu ya ukuta wa duka tunakumbuka sakafu.

Lakini watu hao hao hutoa fedha zao kununua fulana yenye jina la kampuni, ikiwa ina maana. Mbio za MTN Kampala Marathon, zilizoanza mwaka 2004, zimewavisha manjano maelfu ya watu, wakiwemo askari wa jeshi na polisi. Mkimbiaji huinunua fulana yake, na mapato husaidia shughuli za hisani. Mtu aliyekimbia kilomita 21 huitunza fulana ile kama nishani.

Mfano ulio bora zaidi kwetu ni ule wa SafeBoda, iliyoanzishwa hapa Kampala mwaka 2014. Wakati huo waendesha bodaboda wengi walikwenda kichwa wazi, na kofia ngumu ya abiria ilikuwa kitu cha nadra. Kampuni hiyo iliwafundisha waendeshaji usalama wa barabarani na huduma ya kwanza, ikawapa kofia ngumu za rangi ya chungwa, moja ya dereva na moja ya abiria, pamoja na kizibao chenye kumtambulisha mwendeshaji. Hapo alama haikuwa pambo. Kitu kilichobeba jina ndicho kilichofanya kazi ambayo jina liliahidi, yaani kulinda kichwa cha mtu. Abiria akajifunza kuitazama rangi kabla ya kuitazama sura, na hapana tangazo la redio ambalo lingeweza kuleta imani ya namna hiyo.

Imani hiyo ndiyo yenye hatari yake, nayo ni ya makampuni yote yenye kuvisha watu. Ofisi huweza kufungwa kwa siku moja, lakini kofia ngumu huishi miaka. Mwendeshaji akiachana na kampuni, huweza kukiuza kizibao, au kumwazima shemeji yake. Abiria aliyepanda kwa kuiamini rangi, akitozwa mara mbili au akiangushwa mtaroni Kamwokya, hatauliza mkataba ulikwisha lini. Atailaumu rangi.

Tulipokuwa shule ya makadeti, mwenzetu mmoja alipoteza mfuko wa chupa ya maji. Kitu kidogo kabisa! Hata hivyo mtunza bohari alimzuia mlangoni siku ya kurudisha vifaa hadi alipoulipia, na sisi wengine tukacheka kwa siri. Sasa hatucheki. Jeshi huandika kila kitu katika daftari, huchukua sahihi ya anayepokea, na hukidai aondokapo. Sare zake zinalindwa na Sheria ya UPDF ya mwaka 2005. Kampuni haina sheria kama hiyo, lakini daftari linaweza kununuliwa katika duka lolote la Bukoto. Kampuni inayogawa vizibao elfu bila namba wala sahihi imewapa watu wasiojulikana ruhusa ya kusema kwa niaba yake.

Nasi tuliopewa kazi ya ulinzi yatupasa kukumbuka tarehe 16 Novemba 2021, ambapo washambuliaji waliojilipua karibu na Bunge walijifanya waendesha bodaboda. Mlindaji wa lango asikubali kizibao kuwa kitambulisho, hata kama rangi yake inajulikana mji mzima.

Liko jambo jingine, na huenda baadhi ya maafande wasifurahi. Askari wa trafiki akisimama kazini chini ya mwavuli wenye jina la kampuni, naye akalisimamisha lori la kampuni hiyo hiyo lililozidisha mzigo, dereva atafikiri nini? Huenda askari akatimiza wajibu wake kikamilifu, lakini mwavuli utakuwa umekwisha kutoa ushahidi dhidi yake. Kama kampuni inapenda kulisaidia Jeshi la Polisi, na itoe miavuli isiyoandikwa kitu.

Hata sisi jeshini tuna biashara. Shirika letu la NEC liliundwa kwa sheria mwaka 1989, na maji yake ya Uzima hununuliwa na raia kama maji mengine yoyote. Siku shirika hilo litakapotaka kutoa fulana na kofia, tungeomba ziwe chache, za kitambaa kizuri, zenye namba, na apewe yule tu awezaye kueleza kazi ya shirika akiulizwa njiani.

Mwenzetu tuliyekuwa tukimngoja Bukoto hatimaye aliwasili kwa bodaboda, akalipa, akaanza kuomba radhi. Tulimwuliza namba iliyoandikwa kwenye kizibao cha dereva. Alisema hakuitazama, maana rangi anaijua. Tulipogeuka kuitafuta wenyewe, pikipiki ilikuwa imekwisha kupotea upande wa Kisaasi.