Una Prosesa ya K, Mazabodi Ndiyo Hiyo? Staa wa Gemu Anawapoteza Madogo

Staa mmoja wa gemu hapa Dar, jina kapuni, katupia Insta picha ya kompyuta yake mpya na maneno "hapa ni K tu". Prosesa ni Core i5-13600K. Like zikamiminika. Tatizo ni boksi la mazabodi linaloonekana pale nyuma: H610.

Kwa wasiojua, Intel huweka herufi K kwenye prosesa zisizo na kufuli, zile unazoweza kuziovakloki, yaani kuzikimbiza juu ya spidi ya kiwandani. Ila mazabodi nayo lazima ikubali, kama Z690 au Z790. H610 haikubali kabisa. 13600K ni prosesa kali, hakuna anayebisha, lakini hapo ni sawa na kununua gari la spidi 260 halafu kutwa uko kwenye foleni ya Mbagala.

Na gharama haiishii hapo. Hiyo 13600K haiji na feni kwenye boksi, unajinunulia. Inaweza kuvuta hadi wati 181 kabla hata hujaigusa. Sasa chumba cha Sinza mwezi wa pili, bila AC... LUKU yenyewe italia.

Upande wa AMD kuna unafuu. Ryzen 5 5600 haina kufuli, B550 inakubali, na feni imo ndani ya boksi. Kinachochekesha zaidi, Ryzen 7 5800X3D ya 2022 AMD wenyewe waliifunga isiovaklokiwe, na bado ikawatoa jasho wakubwa kwenye gemu kwa kashe yake ya MB 96. Kumbe ukali si kuovakloki tu!

Anayependa kuchezea settings usiku kucha, sawa, K na Z ni starehe yake. Anayeumia ni yule dogo wa chuo aliyekomenti kwamba anasubiri boom aibebe hiyo hiyo. Boom lote likiishia kwenye K, GPU atanunua na nini? Bora achukue 13400F au hiyo 5600, chenji yote iende kwenye GPU, maana kwenye gemu nyingi ndiyo inayobeba picha.

Staa naye angeandika na bei ya Z790 pale chini, ili madogo wajue wanaingia wapi.

Wadau wenye K mezani, mnaovakloki kweli au ni ya kupigia picha?