Kabla ya Dripu ya Kwanza: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya

Mheshimiwa Waziri,

Tunashukuru kwamba siku hizi mgonjwa wa saratani hupata kemo katika hospitali zetu za rufaa za Meru na Embu bila kuhamia Nairobi. Lakini mzazi wa msichana wa miaka minane, akiwa ameshika kalamu na fomu ya ridhaa iko mezani, huwaza jambo moja tu: mtoto apone. Asipoambiwa, atajuaje kwamba dawa hiyo hiyo inaweza kumfunga kizazi?

Msichana huzaliwa na mayai yake yote. Siklofosfamaidi, inayotibu limfoma ya Burkitt, huyaua ikitolewa kwa wingi. Mionzi ya nyonga ndiyo mbaya zaidi.

Njia ipo. Kwa kuwa asiyebalehe hana yai lililokomaa la kuvunwa, hutolewa kipande cha ovari, au ovari nzima, kikagandishwa hadi atakapokihitaji. Moaza Al Matrooshi wa Dubai alitolewa ovari mjini Leeds akiwa na miaka tisa, kabla ya kemo ya kutibu thalasemia. Mwaka 2016 alijifungua mtoto wa kiume London. Si kila mtoto anafaa: kwa mwenye leukemia, tishu hiyo yaweza kurudi na saratani ndani yake.

Hatudai mtambo wa kugandisha Meru kesho. Kenya ilipata watoto wake wa kwanza waliotungishwa maabarani mwaka 2006, hivyo ujuzi si mgeni Nairobi, ila uko kwa mwenye pesa. Mkulima wa Runyenjes atazitoa wapi pesa hizo? Na kusogeza ovari mbali na njia ya mionzi hakuhitaji friza yoyote. Kunahitaji daktari wa upasuaji aliyeitwa mapema.

Huku Embu nyanya hungoja mjukuu atakayebeba jina lake. Hatusemi thamani ya mwanamke ni kuzaa, la hasha. Binti aamue mwenyewe akikua. Ibara ya 43 ya Katiba inamhakikishia huduma za afya, za uzazi zikiwemo.

Tunaomba, Mheshimiwa, uagize kila familia ielezwe hatari hii kabla ya dripu ya kwanza, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) igharamie upasuaji na uhifadhi, na hospitali moja ya umma iteuliwe kupokea watoto wetu kwa rufaa ya haraka. Kemo haiwezi kungoja miezi.