Matairi Makubwa na Meno ya Difu

Kila masika yanapokaribia, wenye magari ya mizigo huanza kuulizana habari za matairi. Pikapu iliyotoka kiwandani na matairi ya kadiri hufungwa makubwa zaidi, ili tumbo lake lipate kupita juu ya matope na mawe. Gari hupendeza macho, mwenyewe hufurahi, na safari ya kwanza hupita salama. Malalamiko huja baadaye: gari limekuwa zito kilimani, klachi inanuka, na gia ya nne iliyokuwa ikitosha haitoshi tena. Hapo fundi mmoja hushauri gia za difu zibadilishwe, na mwingine hudai kwamba huko ni kupoteza fedha. Mabishano hayo aghalabu humalizwa kwa sauti kubwa, ilhali kalamu na karatasi vingeyamaliza kwa robo saa.

Hesabu yenyewe imeandikwa ubavuni mwa tairi. Tairi lenye alama 235/85R16 lina upana wa milimita 235. Kimo cha ubavu wake ni asilimia 85 ya upana huo. Na rimu yake ina kipenyo cha inchi 16, yaani milimita 406. Ubavu huhesabiwa mara mbili, juu na chini, na kipenyo cha tairi zima huwa milimita 806. Tairi la 315/75R16 likihesabiwa vivyo hivyo, kipenyo chake hufika milimita 879. Tofauti ni milimita 73, ambayo ni asilimia 9. Lakini difu haiinuliwi kwa milimita 73 hizo zote. Huinuliwa kwa nusu yake tu, kwa sababu ekseli imo katikati ya gurudumu. Mwenye gari aliyelipia matairi manne mapya na rimu zake, basi, amenunua nafasi ya milimita 36 hivi chini ya difu, chini ya upana wa vidole vitatu.

Ndani ya difu mna gia mbili zinazohusika na mjadala huu. Pinioni ni ile ndogo inayozungushwa na propela shafti. Kraunwili ni ile kubwa inayopeleka mzunguko kwenye magurudumu. Kraunwili ikiwa na meno 41 na pinioni meno 10, shafti huzunguka mara 4.1 ili gurudumu lizunguke mara moja. Kwa uwiano huo momenti ya injini hukuzwa mara 4.1. Tairi nalo ni wenzo: ardhi husukumwa na ukingo wake, na kadiri ukingo ulivyo mbali na ekseli ndivyo kani ya kusukuma inavyopungua, hata kama momenti ni ile ile.

Ichukuliwe pikapu ambayo pamoja na shehena yake ina kilogramu 3,000, na injini yake hutoa momenti ya nyutoni-mita 280. Katika gia ya nne, ambayo haikuzi wala haipunguzi, momenti hiyo ikizidishwa kwa 4.1 na kupunguzwa sehemu ya kumi inayopotea katika msuguano, magurudumu hupata nyutoni-mita 1,033. Kwa tairi la zamani kani barabarani ni nyutoni 2,560. Kwa tairi kubwa ni 2,350. Sasa gari lipande kilima kinachoinuka mita 1 kwa kila mita 16. Uzito pekee unadai nyutoni 1,840, na ukinzani wa barabara na hewa ukikadiriwa kuwa 600, jumla ni 2,440. Gari lile lile, injini ile ile, dereva yule yule: jana lilipanda kwa gia ya nne, leo halipandi.

Je, hiyo ni sababu ya kufungua difu? Kwa gari la namna hii, bado. Giaboksi imewekwa kwa kazi hiyo hiyo. Hatua kutoka gia ya nne hadi ya tatu huongeza momenti kwa karibu nusu nzima katika magari mengi ya aina hii, na asilimia 9 iliyopotea hurudi na ziada. Dereva atapanda polepole zaidi, lakini atafika. Wanaosema kila tairi kubwa lazima lifuatwe na gia mpya hukisahau kijiti kilichomo mkononi mwa dereva. Na tairi likizidi kwa asilimia 3 au 4 tu, kama vile 285/75R16 badala ya lile la awali, kufungua difu hakuna maana yoyote.

Hali hubadilika pale gari linapobeba mzigo kila siku katika nchi ya milima. Dereva wa njia ya Iringa, anayeukabili mlima Kitonga na shehena, hawezi kuambiwa aishi katika gia ya tatu mwaka mzima. Zaidi ya hayo, klachi huumia kila gari linapoondoka katika mwinuko, kwani gia ya kwanza haina gia nyingine ya chini ya kuikimbilia, isipokuwa gari lina gia ya nusu. Kwa gari kama hilo kubadilisha ni sawa, na hesabu yake ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Uwiano wa 4.1 ukizidishwa kwa 1.09 ni 4.47. Jozi yenye meno 41 kwa 9 hutoa 4.56, karibu kabisa na kinachotakiwa. Jino moja limeondolewa kwenye pinioni, na asilimia 11 imepatikana. Jino hilo lina bei yake, kwani pinioni yenye meno machache kwa kawaida huwa nyembamba na dhaifu zaidi. Na gari linalovuta kwa magurudumu yote manne lina difu mbili. Ikibadilishwa moja na kuachwa nyingine, ekseli zitashindana kwenye ardhi ngumu mpaka kitu kivunjike.

Kazi yenyewe si ya chini ya mwembe. Nafasi kati ya jino na jino hupimwa kwa sehemu ndogo za milimita, na mguso wake hukaguliwa kwa kupaka rangi. Jozi mpya iliyofungwa vibaya hulia, hupata moto, na kufa mapema kuliko ile iliyotolewa.

Kuna jambo zito kuliko hayo yote, nalo halitajwi sana gereji. Gia mpya huiponya injini; breki haiponyi. Ngoma ya breki hulishika gurudumu kwa momenti ile ile ya zamani, na wenzo uliorefuka huipunguza kani ya kusimamisha kwa zaidi ya asilimia 8 kwa kila mkanyago. Katika mteremko, gia fupi husaidia injini kulizuia gari, na huo ni utetezi mzuri wa kuibadilisha. Lakini mguu ukikanyaga ghafla kwa sababu mtoto amevuka barabara, difu haina la kufanya. Spidomita nayo hudanganya upande ule ule: inayosomwa kutoka giaboksi itaonyesha 80 gari likienda 87. Gia mpya huirekebisha hiyo hadi karibu na ukweli. Katika magari yanayopima mwendo kwenye magurudumu yenyewe, haibadilishi chochote.

Kwa hiyo gari la mizigo la milimani halipaswi kufungwa tairi la namna hiyo tangu mwanzo. Aliyekwisha kulifunga arudishe la zamani, au agharimie difu na ukaguzi wa breki pamoja. Kugharimia cha kwanza na kuacha cha pili ni kulipa gari nguvu ya kupanda mahali ambapo haliwezi kushuka kwa usalama.

Mwalimu wa fizikia anaweza kulionyesha somo hili bila kufungua bolti hata moja. Gari lililo tupu lisukumwe polepole kwenye uwanja tambarare, gia ikiwa huru na dereva akiwa kwenye usukani. Alama ya chaki ipakwe kwenye tairi la nyuma na nyingine kwenye propela shafti, na mwanafunzi achungulie kutoka ubavuni, mbali na magurudumu. Tairi likizunguka mara 10 na shafti mara 41, uwiano umepatikana; umbali uliosukumwa ukigawanywa kwa 10 hutoa mzingo, ambao utapungua kidogo kuliko ule wa hesabu kwa sababu tairi hubonyea chini ya uzito. Jibu hilo liandikwe kwa rangi juu ya nyumba ya difu. Atakayelinunua gari hilo miaka mitano baadaye, akiagiza pinioni kwa kufuata kitabu cha kiwanda, ataletewa yenye meno 10.