Risala ya Wenye Vidonda Ndugu na Wauguzi wa Ghuba ya Chole kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wauguzi Duniani, 12 Mei

Ndugu Mgeni Rasmi,

Sisi ni wakazi wa Utende, Chole, Juani na Jibondo tunaoishi na vidonda visivyopona, pamoja na wauguzi wanaotuhudumia. Kuna wenye matende, wenye kisukari, na waliolala kitandani hadi migongo ikachubuka.

Tunashukuru kwamba mwaka 2000 ugawaji wa dawa za matende kwa jamii nzima nchini ulianzia hapa Mafia. Lakini dawa zile huua vijiminyoo vya damuni. Haziurudishi mguu uliokwisha kuvimba. Mguu huo unataka kuoshwa kila siku kwa maji na sabuni, kukaushwa hadi katikati ya vidole, na kuinuliwa. Hapo ndipo tulipoachwa.

Malalamiko yetu ni haya:

1. Vidonda vinafungwa kabla ya kuandaliwa. Muuguzi anajua kuosha, kuondoa nyama iliyokufa, kukagua usaha na harufu, kulinda ngozi ya pembeni, kisha kufunga ili kidonda kibaki na unyevu wa kiasi. Foleni haimpi nafasi. Mafundi majahazi wa Chole hawakalafati juu ya ubao uliooza. Sisi tunafungiwa bandeji juu ya uozo.

2. Gozi na maji ya chumvi ya hospitali vikiisha, tunaambiwa tukanunue mjini Kilindoni. Asiye na nauli humimina spiriti, inayounguza nyama mpya, au hunyunyiza unga wa vidonge vya rangi mbili.

3. Jibondo maji baridi ni ya shida. Mgonjwa anaambiwa aoshe mguu kila siku wakati ndoo ya kupikia yenyewe haitoshi.

4. Maji yakipwa, chombo hutia nanga mbali. Mgonjwa aliyetoka kufungwa kidonda huteremka kwenye tope, na bandeji inaloa kabla hajafika kwake.

Kwa hiyo tunaomba:

(a) Gozi, bandeji na maji ya chumvi viingie katika kila oda ya zahanati za visiwani, kama dawa za malaria.

(b) Iwepo kliniki ya vidonda kila wiki, na saa zake zifuate maji kujaa.

(c) Wauguzi wafundishwe kuondoa nyama iliyokufa kwa usalama, na kupima mapigo ya damu mguuni kabla ya kuukaza kwa bandeji. Vipimo vya sukari visikosekane.

(d) Matangi ya kuvunia mvua yajengwe Jibondo, fungu moja likiwa la wagonjwa.

(e) Katika kila nyumba yenye mgonjwa, mtu mmoja afundishwe kuosha kidonda kwa maji yaliyochemshwa yakapoa.

Ndugu Mgeni Rasmi, kabla hujapanda boti, tutajie ombi gani linaanza, lini, na nani atalisimamia.