TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE: DAFTARI LA TAWI HALINA SAFU YA TIMU



Kamati Tendaji ya Tawi ilikaa juzi jioni kwa agenda moja tu: hali ya maelewano kati yetu tangu uchaguzi wa Taifa. Tumeona tuwaandikie wote kwa pamoja, maana neno likipita midomo mitatu linafika likiwa jingine. Taarifa ni ndefu kidogo. Tunaomba isomwe hadi mwisho kabla ya kujibiwa, na isikatwe vipande vya kurushwa kwenye magrupu mengine.

Tuanze na hesabu. Mkutano Mkuu uliofanyika Mlimani City, Dar es Salaam, Januari 21 na kumalizika Januari 22, 2025, ulimpa Mheshimiwa Tundu Lissu kura 513, Mheshimiwa Freeman Mbowe kura 482 na Ndugu Odero Charles Odero kura 1. Kati ya wawili wa juu tofauti ni kura 31. Wangebadili mawazo wajumbe 16 tu waliompigia mshindi, hesabu ingegeuka. Watu 16 wanaenea kwenye Hiace moja ya kwenda Igoma.

Kwa hiyo anayeandika kwamba chama kizima kilimkataa Mbowe hajui kutoa. Na anayeandika kwamba Lissu hana chama hajui kujumlisha. Chama kilikuwa na mawazo mawili yenye uzito karibu sawa, kikapiga kura mbele ya kamera, kikahesabu mbele ya kamera, na wengi wetu tulikesha na simu mkononi tukiangalia. Asubuhi ile ile Mbowe, aliyekiongoza chama tangu 2004, aliyapokea matokeo hadharani na kumpongeza mwenzake. Wagombea walimaliza siku hiyo hiyo. Sisi tuko wiki ya tatu.

Tena tuseme lisilosemwa: katika tawi letu hakuna hata mmoja aliyekuwa mjumbe wa Mkutano Mkuu ule. Hakuna aliyeshika karatasi ya kura. Ila ndio sisi tusiosalimiana sokoni.

Yafuatayo yametokea hapa, na kila mmoja anayajua. Limefunguliwa grupu la pili lenye jina la timu, na upande wa pili nao wakafungua lao. Taarifa ya kikao ikitumwa hapa, huko inafika na tafsiri yake. Michango ya Januari imeingia chini ya nusu ya ile ya Desemba, na wapo waliotuambia waziwazi kwamba hawatoi "mpaka tujue chama ni cha nani". Upande ulioshinda nao umetuletea orodha ya majina, eti ipelekwe Kanda ili wenye majina hayo wavuliwe nafasi zao. Orodha hiyo haina tuhuma hata moja, ina majina matupu na neno "walamba asali" juu yake.

Na lipo la msiba. Mwenzetu alifiwa na mama yake mwezi uliopita. Ni mtu ambaye kwenye misiba yetu yote ndiye hubeba turubai na viti. Safari hii walikuja wa upande wake tu, wengine wakatuma pole kwa simu wakati wanaishi mtaa wa pili. Hili limetuumiza kuliko suala la fedha. Fedha hukusanywa upya.

Tunaelewa kwamba kwetu Nyamagana jeraha lina tabaka mbili. Kwenye nafasi ya Makamu Mwenyekiti Bara, Mheshimiwa John Heche alishinda dhidi ya Ezekia Wenje, aliyekuwa mbunge wetu hapa kuanzia 2010 hadi 2015. Wapo wanaoona mtu wao ameangushwa, na wapo wanaoona alistahili kuanguka. Maumivu hayo ni ya kweli na hatumwambii mtu asiyasikie. Tunachokataa ni kuyafanya kuwa kigezo cha nani ni mwanachama na nani si mwanachama.

Tunakataa pia lugha. Kumwita Mbowe msaliti ni kusahau kwamba Julai 2021 alikamatiwa hapa hapa Mwanza, alipokuja kwa ajili ya kongamano la Katiba, na akakaa mahabusu kwa kesi ya ugaidi hadi Machi 4, 2022. Kumwita Lissu mropokaji asiyejua gharama ya maneno yake ni kusahau Septemba 7, 2017 kule Dodoma, na risasi alizotibiwa Nairobi na Ubelgiji. Mtu anaweza kupinga mawazo ya yeyote kati yao, ndiyo maana ya uchaguzi. Matusi hayakuwa kwenye karatasi ya kura.

Wakongwe wa tawi wanakumbuka 2015. CCM ilikata jina la Edward Lowassa, na Julai 28 akajiunga nasi. Dk. Willibrod Slaa, Katibu Mkuu wetu wakati huo, akajiweka kando. Watu walikosana vibaya mno, wengine walikuwa ndugu wa tumbo moja. Machi 1, 2019 Lowassa akarudi CCM. Februari 2024 akatangulia mbele za haki. Hapa mtaani wapo wawili waliokosana kwa ajili yake mwaka ule na hadi leo hawapeani mkono. Hatuwataji, wenyewe wanasoma.

Kamati Tendaji yenyewe ilikuwa imegawanyika. Kuna waliokuwa huku na waliokuwa kule, na hilo si siri. Hata hivyo tulikaa meza moja, tukabishana saa mbili na nusu (chai ilikwisha saa ya kwanza), tukakubaliana haya.

Taarifa rasmi za tawi zitatoka kwenye grupu hili peke yake. Hatuna mamlaka juu ya simu ya mtu, lakini grupu lolote linalotumia jina la tawi pamoja na jina la timu libadilishwe jina au lifungwe kabla ya Jumapili. Admini wake tunawafahamu na tumeshazungumza nao kwa heshima.

Orodha ile haiendi Kanda. Mwenye tuhuma dhidi ya mwanachama aiandike: nani, alifanya nini, lini, nani alishuhudia, kisha asaini. Mtuhumiwa ataitwa, ataelezwa na atajitetea mbele ya kikao. Jina bila kosa tunalirudisha kwa aliyelileta, na hili tumeshalifanya.

Kuhusu fedha, daftari la tawi lina safu tano: tarehe, jina, namba ya kadi, kiasi na namba ya stakabadhi. Hakuna safu ya timu na haitaongezwa. Ofisi tunadaiwa pango la miezi miwili. Mwenye nyumba ametuvumilia, ila amesema mwisho wa mwezi huu anafunga. Akifunga, bendera inashuka kwa wote, aliyeshangilia Januari 22 na aliyelia.

Na kazi ipo. Baada ya uchaguzi wa Novemba 27, 2024 tulitangaziwa kwamba CCM imechukua zaidi ya asilimia 98 ya mitaa ya nchi hii, baada ya wagombea wetu wengi kuenguliwa. Oktoba 2025 ni Uchaguzi Mkuu, na msimamo wa chama ni kwamba bila mabadiliko hakuna uchaguzi. Msimamo huo mama wa sokoni hauelewi kwa kusikia redioni. Anataka mtu akae naye kwenye kigoda amweleze ni mabadiliko gani, na kwa nini. Kazi hiyo tulipanga kuifanya kwa jozi, nyumba kwa nyumba, na jozi nne kati ya zilizopangwa zimevunjika kwa sababu wawili hawasemezani. Tumezipanga upya. Majina hayatabadilishwa kwa ombi la mtu asiyetaka kutembea na mwenzake.

Kikao cha wanachama wote ni Jumapili hii saa 9 alasiri, ofisini. Njoo na kadi yako. Mhazini atakuwepo kuanzia saa 8 na kitabu cha stakabadhi. Baada ya kikao tutakwenda pamoja nyumbani kwa mfiwa kutoa pole. Akina mama wa BAWACHA wameomba kila anayeweza aje na kilo ya mchele au ya sukari.

Imetolewa na:
Katibu wa Tawi
Kwa niaba ya Kamati Tendaji
Februari 2025