Nani kasema wanandoa lazima wafanane?

Msimu wa harusi ukiingia, mshehereshaji hashiki kipaza sauti bila kutukumbusha kwamba ndege wafananao ndio warukao pamoja. Ukumbi mzima vigelegele. Kijana aliyeposa binti wa kabila jingine, tena asiyejua hata Simba inacheza na nani, anaitwa pembeni na shangazi: "Huyo mtawezana kweli?"

Uongo huu ungepaswa kukosa wasikilizaji Igalula kuliko mahali pengine popote. Hii ni stesheni ya Reli ya Kati, wilayani Uyui, mashariki ya Tabora mjini. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, nchi hii ilipitiwa na misafara ya kwenda na kurudi pwani. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na wanawake nao walikuwemo njiani. Huko pwani Mnyamwezi alikutana na Mzaramo, na hadi leo hao wawili ni watani.

R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha Amani, aliwaacha ndege wake kidogo, na mwaka 1944 akachapisha makala kuhusu utani wa Tanganyika. Mtu aliyewajua ndege kuliko mshehereshaji yeyote alivutiwa na watu wasiofanana! Na utani ni nini kama si ruhusa ya kumwambia mwenzio ukweli mchungu, hata msibani, naye asinune?

Kuna nyumba moja Igalula ninayoipenda kwa sababu hiyo. Mume ni Mnyamwezi, mkulima wa tumbaku; mke ni Mzaramo. Siku ya nsansa, mke huinua mfuniko, akachungulia yale majani makavu ya kunde aliyoyapika mwenyewe kwa karanga, akauliza kama mbuzi wameshapewa ya kwao. "Nyie bila nazi hata chai hamuwezi," mume humjibu, huku akiongeza tonge. Usiku mume yuko kwenye bani la kukaushia, akichochea kuni chini ya tumbaku. Mke yuko ndani na simu yake, singeli juu. Hakuna anayembadilisha mwenzake. Sijawahi kusikia wamepelekana kwa wazee.

Wajapani wameliona jambo hili. Kuanzia Oktoba 2014 walirusha katuni iitwayo *Danna ga Nani wo Itteiru ka Wakaranai Ken*, yaani mke analalamika kuwa haelewi mumewe anasema nini. Kila kipindi hakifiki hata dakika nne. Kaoru ni mfanyakazi wa ofisini. Hajime, mumewe, amezama kwenye katuni na michezo ya kompyuta hadi maongezi yake yote yananuka huko. Ninachokiheshimu ni kwamba katuni haimponyi Hajime, wala Kaoru haamki siku moja akawa kama yeye. Wanapendana huku hawaelewani. Jirani zetu Wakenya walikuwa na wanandoa wa namna hiyo zamani: Mzee Ojwang na Mama Kayai wa igizo la *Vitimbi* walizozana kwenye televisheni miaka na miaka, na watu hawakuchoka kuwatazama.

Mtasema hayo ni maigizo. Haya, chukueni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Katika mambo inayoyataja kuwa yanaweza kuonyesha kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, umo uzinzi, umo ukatili, kumo kutelekezana na kifungo kirefu jela. Kutopenda muziki mmoja hakumo.

Mnaohubiri mfanano mnawapeleleza wachumba mahali pasipo na hatari. Mnauliza kabila, mnauliza chakula, mnauliza anashabikia nani. Hamuulizi atafanya nini siku pesa ya tumbaku inapoingia, na kwa mkulima pesa hiyo huja kwa msimu, si kila mwezi. Hapo ndipo nimeona waliofanana wakisambaratika: kijiji kimoja, kanisa moja, nsansa wote wanaipenda, na mume amekwenda kuchukua malipo akarudi siku ya tatu na redio mpya, bila ada ya mtoto. Mke aliyechambua jani kwa jani, miezi na miezi, anaambiwa asiulize.

Shauri la namna hiyo likifika kwenye baraza la usuluhishi, hakuna mzee anayetaka kujua kama walipenda chakula kimoja. Wanauliza pesa ilikwenda wapi, na nani alianza kumpiga mwenzake.